Nilivyoitwa Mumiani Barabara ya Tunduru

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake. Edigna alipiga simu. Gaspar alikuja na suruali eti nimpunguzie kiuno, na kiuno hakikuhitaji kupunguzwa. Wengine mmeangalia tu kitabu nilichorudisha bila jalada, mkanyamaza. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo nikashindwa, maana nikifika mahali fulani huwa nacheka, na hapo hapachekeshi. Afadhali niandike, mpokezane kama tunavyopokezana vitabu vyetu.

Kilichonitoa Songea mnakijua. Mdogo wangu Winfrida, aliyeolewa Nakapanya, alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja huko Tunduru akapoteza damu nyingi. Shemeji yangu Saidi alinipigia alfajiri, sauti imekauka. Damu yake na ya ndugu zake hazikulingana na ya Winfrida. Ya kwangu inalingana, tulishapimwa pamoja zamani. "Dada Skola," aliniambia, "njoo leo. Usiseme kesho."

Nilitia begini nguo za mtoto nilizokuwa nimezishona, chupa tatu za juisi ya rozela kwa sababu Winfrida mwenyewe aliniomba tangu akiwa mjamzito, na kitabu chenu. Nilikuwa nimebakiza kama theluthi hivi. Nilijiambia kitanisaidia nisifikirie.

Songea hadi Namtumbo

Nilipata kiti cha dirishani. Pembeni yangu alikaa mama kijana mwenye mtoto wa kike wa miezi michache. Tulisalimiana, akaniambia anaitwa Mama Shadya, anakwenda kwao upande wa Tunduru kumwonyesha bibi mjukuu. Alikuwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko, tukazila pamoja, maganda tukiyarudisha mfukoni.

Tulipoanza kuteremka kutoka mjini nilifungua kitabu. Jalada lake mnalikumbuka: mwanamume mwenye uso mweupe kama chaki, meno mawili marefu, na tone jekundu kidevuni. Mama Shadya akaliangalia mpaka nikaona haya.

"Dada, huyo ni shetani?"

"Ni mtu wa hadithi tu. Hadithi ya Wazungu wa kale. Alikufa akakataa kukaa kaburini. Anaishi kwa kunywa damu za watu."

"Na za watoto?"

"Za yeyote atakayemkuta amelala."

Alicheka, nami nikacheka. Baadaye alitaka kufunga upya khanga yake akanipa mtoto nimshike. Shadya akalala kifuani kwangu, kichwa chake kina jasho, na mimi nikaendelea kusoma kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimefika pale wanakijiji wanapoanza kugundua kwamba bwana wa kasri hali chakula mbele ya watu. Nywele zilinisimama. Jua lilikuwa linawaka, mashamba ya tumbaku yanapita dirishani, na mimi naogopa giza la nchi ambayo sitaiona. Niliwaombea wale wanakijiji wamkamate upesi. Niligeuza kurasa haraka ili wamkamate.

Namtumbo tulisimama kidogo, watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Nilimpigia Saidi, hakupokea. Nikanunua maji, nikarudi kitini, nikasoma tena.

Mahali basi lilipogoma

Mbele ya Namtumbo, kule ambako msitu unakaribia barabara pande zote mbili, tulianza kunusa kitu kinaungua. Basi likapunguza mwendo, likakoroma, likasimama. Dereva akashuka, akaingia chini, akatoka anajifuta mikono. Klachi imeungua. Fundi ataletwa na pikipiki kutoka Namtumbo.

"Saa ngapi atafika?" niliuliza.

"Akifika, mama, utamwona."

Mbele kidogo palikuwa na kijiji, nyumba zimejipanga kando ya lami. Jina lake silitaji. Watu wake ni watu kama sisi, na sitaki mkipita pale mwanze kunyoosha vidole. Abiria tulitembea kwenda huko kutafuta kivuli. Mtandao haukuwepo, lakini mwanamke mmoja alinionyesha kichuguu nyuma ya nyumba: ukipanda juu yake unapata mawimbi, ukiwa na bahati. Nikapanda na begi langu begani.

Saidi alipokea. Sauti ilikuwa inakatikakatika, ikabidi nipige kelele, na ninachokiandika hapa ndicho kila mtu aliyekuwa uani na barabarani alichokisikia, upande wangu tu.

"Wamepata chupa ngapi za damu? Mbili? Mbili hazitoshi! Mtoto je? Basi mtoto mwacheni, mimi nataka damu ya mama yake ipatikane leo! Leo, Saidi! ... Ndiyo, ninazo begini, chupa tatu, nyekundu kabisa. Nimezifunga vizuri zisimwagike."

Simu ikakatika. Hizo chupa alizoniuliza Saidi zilikuwa za rozela. Winfrida alikuwa amezinduka akaziulizia, na mimi nilishukuru Mungu kwamba ameweza hata kuulizia kitu. Nilishuka kwenye kichuguu nikijifuta machozi. Sikumwangalia mtu usoni. Laiti ningewaangalia.

Jikoni kwa Bi Somoe

Kulikuwa na mgahawa wa makuti wa mama mmoja mtu mzima, Bi Somoe. Nilimwamkia, akanikaribisha, akanipa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Njaa sikuwa nayo, lakini anayetoa damu lazima awe amekula, hilo nililijua. Nikala huku kitabu kimefunguka kando ya sahani.

Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Mgahawani pale abiria wenzangu walikuwa wamejaa, sasa nimebaki peke yangu. Watoto waliokuwa wanacheza na tairi barabarani waliitwa mmoja mmoja, majina yao yakitamkwa kwa sauti ya chini. Milango ikafungwa. Mchana mweupe, kijiji kinafunga milango.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Shadya nje. Alikuwa anawaonyesha wanawake shingo ya mwanawe. "Asubuhi hapakuwa hivi," alisema. "Yeye ndiye aliyemshika. Alimlaza kifuani muda mrefu." Palikuwa na alama nyekundu, ya mbu au ya joto, sijui. Wakaanza kuongea Kiyao kwa haraka. Nikaokota neno moja tu, la damu, kwa sababu shemeji yangu ni Myao, na alfajiri ile nilimsikia simuni akilirudia kwa ndugu zake. Halafu mtu akalisema kwa Kiswahili, waziwazi, ili nilisikie.

"Mumiani."

Nyinyi mmekulia Songea, mnajua tulivyotishwa utotoni: usiende mtoni peke yako, kuna mumiani anakusanya damu za watoto kwenye chupa. Mnajua pia ni kitu gani hufanyiwa mtu akishapewa jina hilo mbele ya watu. Nilitaka kusimama nikashindwa, tonge liko mkononi.

Walipokuja mlangoni walikuwa wanaume wengi, na wanawake nyuma yao. Fimbo, majembe, panga moja. Mwenye panga alikuwa mtu wa makamo mwenye shati la bluu, na kitu kilichonitisha kuliko panga lenyewe ni kwamba hakuthubutu kuvuka kizingiti. Mtu mwenye hasira ungeweza kumbembeleza. Huyu alikuwa ananiogopa.

"Toa begi," alisema.

"Kaka, mimi naitwa Skolastika, ni fundi cherehani, natoka Songea. Nakwenda hospitali kwa mdogo wangu."

"Toa begi!"

Walilimwaga chini. Nguo za mtoto zikatawanyika kwenye vumbi, kofia ndogo, soksi, na mwanamke mmoja akapiga yowe alipoziona. "Hizo ni za watoto gani?" Kitabu wakakinyanyua juu, jalada likizunguka mikononi mwa watu, meno yale, tone lile. Halafu chupa. Kijana mmoja akaiinua moja kwenye jua. Mnajua rozela ilivyo ikipigwa na mwanga.

"Ni juisi!" nilipiga kelele. "Juisi ya rozela! Tazameni!"

Nikampokonya ile chupa, nikaifungua, nikanywa.

Hapa ndipo huwa nacheka ninaposimulia. Nilidhani nimewathibitishia. Nilipoishusha chupa, juisi inanitiririka kidevuni, niliona nyuso zao. Umati wote ulirudi nyuma kwa pamoja kama umesukumwa. Mtu akaanza kulia. Jiwe likapita karibu na sikio langu likagonga sufuria, na jingine likanipata begani.

Mkono ulinishika kwa nyuma ukanivuta ndani jikoni. Ulikuwa wa Bi Somoe. Alinisukuma kwenye pembe ya kuni, akachukua sufuria la maji ya ugali lililokuwa linachemka, akasimama nalo mlangoni.

"Atakayeingia jikoni kwangu ataondoka bila ngozi."

"Bi Somoe, toka. Unamficha mumiani!"

"Namficha mteja. Hajamaliza kula."

"Na wewe ni mwenzake!"

Hapo niliona mgongo wake ukikakamaa. Alikuwa ameishi pale maisha yake yote, na ilichukua neno moja. Nilifikiri atanitoa. Kwa kweli nisingemlaumu. Badala yake aliweka sufuria chini, akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Nipe hiyo chupa."

Aliinusa. Akanywa fundo kubwa, akasubiri, akanywa la pili.

"Rozela," alisema. "Haina sukari ya kutosha. Mlikunywa mapipa harusini kwa binti yangu, leo mmesahau ladha yake?"

Hakuna aliyeondoka. Nadhani tungebaki hivyo mpaka mmoja wao apate ujasiri wa kurusha jiwe la kuua, kama mwenyekiti wa kijiji asingefika na pikipiki. Mtu alikuwa amemkimbilia shambani. Aliingia katikati yao na magwanda ya shamba, akauliza, akasikiliza watu kumi wakisema kwa pamoja. Akaichukua chupa. Alikunywa akiwa amefumba macho. Kisha akamkabidhi yule wa shati la bluu.

Yule bwana hakunywa. Aliinusa muda mrefu. Halafu akaweka panga chini taratibu, akakaa palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa viganja. Baadaye mwenyekiti aliniambia kwamba bwana huyo alimzika mtoto wake msimu uliopita, aliyeugua ghafla na hakuna aliyeweza kumwambia ni ugonjwa gani.

Fundi wa basi hakuwa amefika, na abiria kadhaa walisema wazi kwamba mimi nikipanda wao watashuka. Mwenyekiti akasimamisha fuso la mahindi lililokuwa linakwenda Tunduru, akazungumza na dereva, akanirudishia begi. Bi Somoe alikuwa amezikung'uta nguo za mtoto na kuzikunja. Kitabu alinipa kikiwa bila jalada. Walikuwa wamelichana na kulitupa motoni.

"Chukua uchafu wako," alisema, lakini mkono wake ulibaki juu ya wangu. "Na mgonjwa wako mpe salamu."

Nilipokuwa nakanyaga tairi kupanda, Mama Shadya alikuja mpaka karibu na gari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, kweli si wewe?"

"Si mimi, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Lakini alivuta khanga akaufunika uso wa mtoto.

Tunduru

Nilisafiri juu ya magunia, nimelala chali kwa sababu sikutaka vijiji vinione. Kila gari lilipopunguza mwendo nilishika kamba za turubai. Bega liliuma, na juisi ilikuwa imenikaukia shingoni ikavuta ngozi. Tulifika wakati wa adhana ya magharibi.

Saidi alinisubiri kwenye lango la hospitali. Alipoona gauni langu lina madoa mekundu alinikimbilia. "Ni rozela," nilimwambia, na ndipo kicheko kile kilipoanza, kikaendelea mpaka kikageuka kilio, naye akanishika mabega kama ananizuia nisianguke.

Muuguzi alinipima presha akatikisa kichwa. "Mama, iko juu sana. Umekimbia?"

"Kidogo."

"Umekula?"

"Nusu sahani."

Alinipa chai na mkate, akaniambia nikae kimya mpaka itulie. Nilikaa nikitazama mlango. Kila mtu aliyeingia haraka nilimwona na jiwe mkononi. Hatimaye presha ilishuka, akanilaza, akatafuta mshipa. Mimi huwa siogopi sindano, lakini nilipoona damu yangu ikiingia kwenye ule mfuko, nyeusi kuliko nilivyotarajia, nilitaka kuchomoa kila kitu nikimbie. Nilifikiri: wangeniona sasa hivi, wangesema si tulisema?

"Angalia ukutani," muuguzi aliniambia. "Mdogo wako anaihitaji."

Nikaangalia ukutani. Walimtundikia Winfrida damu hiyo usiku ule, na asubuhi niliporuhusiwa kumwona midomo yake ilikuwa imerudi kuwa na rangi ya mtu. Aliniuliza rozela iko wapi. Nikamwambia imenywewa na kumwagika njiani.

Nakapanya

Alipotoka hospitali tulikwenda naye nyumbani Nakapanya. Mama mkwe wake alitupikia wali na kuku wa kienyeji, akatubangulia korosho, akamkanda Winfrida kwa maji ya moto kama amemzaa yeye. Mimi nilifua nepi. Jirani akija kumwona mtoto nilijificha chumbani, mpaka Winfrida akaanza kunikemea.

Kitabu nilikimalizia pale, mchana mmoja, mkekani, wote wamelala. Sikutaka kukifungua. Nilikifungua kwa sababu niliogopa zaidi kukiacha kikiwa hakijaisha, kana kwamba yule bwana wa kasri angebaki anazurura.

Mmemaliza wote, kwa hiyo siharibu kitu. Wanampata. Wanamzunguka kasrini, wanamchoma kigingi, jua linachomoza, anageuka majivu, kengele zinapigwa. Mlikuwa mmeniambia nitafurahi. Nilisoma ukurasa ule nikitafuta kwenye umati mtu mwenye shati la bluu. Wala sitetei mnyonya damu. Aliua, kitabu kinaonyesha anaua, na angeendelea. Lakini nilirudi nyuma kutafuta kitu nilichokuwa nimekipita asubuhi ile ndani ya basi wakati Shadya amelala kifuani kwangu.

Nilikiona. Ni sentensi moja. Kabla hawajamgundua yule wa kweli, wanakijiji walimkamata muuza mishumaa, mgeni aliyelala zizini, wakamtupa mtoni wakidhani ndiye. Sentensi inayofuata inazungumzia mvua. Nilisoma mpaka mwisho nikitegemea mtu atamkumbuka, kasisi, au yule daktari mwenye huruma. Hakuna. Hata jina hakupewa.

Winfrida alipoamka nilimweleza. Alikuwa ananyonyesha, akasikiliza bila kuniangalia.

"Alikuwa na dada?" aliuliza.

"Kitabu hakisemi."

Kisha akasema nimletee mto wa kuegemea, maana mgongo unauma. Ndivyo alivyo.

Kurudi

Wakati wa kurudi basi lilipita kile kijiji bila kusimama. Nilikuwa nimepanga kupunga mkono kwa Bi Somoe. Tulipokaribia nilijikuta nimeinama, khanga kichwani, kama natafuta kitu sakafuni, na nilipoinuka kulikuwa na msitu tu.

Ningependa kuishia hapo, lakini mliniomba yote.

Wiki iliyopita nilikwenda bombani kuchota maji, nikawakuta majirani wakimzungumzia mpangaji mpya wa chumba cha nyuma kwa mzee wetu wa mtaa. Kijana mgeni, hana mke, mchana haonekani, jioni anatoka na begi. "Tangu amehamia, watoto wa huku wanaugua homa," mmoja alisema. Mwingine akapunguza sauti. "Mimi nasikia begini mna chupa."

Mimi, niliyeyapitia yote hayo, nilihisi baridi ikinipanda mgongoni. Niliangalia ule mlango uliofungwa nikajiuliza: je, kama kweli? Niliamini. Si kwa muda mrefu, lakini niliamini kabisa, na ndoo ilijaa ikamwagika nikiwa nimesimama.

Nikaitua ndoo. Nikavuka ua mbele yao wote, wakiniita nirudi, nikabisha hodi.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Niliona jicho moja, na vidole vilivyoshika kitasa kwa nguvu hadi vimepauka.

"Shikamoo, mama," alisema. Halafu, kabla sijaitikia: "Nimefanya nini?"

"Marahaba. Hujafanya kitu, mwanangu. Nimekuja kukusalimia."

Hakufungua zaidi, na mimi sikusogea mbele. Tulisimama hivyo, yeye ndani, mimi nje, tukaulizana habari za nyumbani na za kazi, za afya, za mvua, kila mmoja akimchungulia mwenzake.